Steroidi humpa nini mpigaji wa besiboli?

SWALI: Mark McGwire, mpigaji wa besiboli wa Marekani, alikiri Januari 2010 kwamba alitumia steroidi (dawa za kukuza misuli), hata mwaka 1998 alipopiga homurani 70, yaani mapigo ya kuvusha mpira juu ya uzio wa uwanja. Ila alishikilia kuwa kupiga mpira ni kipaji alichojaliwa na Mungu, na dawa zilikuwa za kupona majeraha tu. Kitaalamu, ana hoja?

JIBU: Ana nusu ya hoja. Mrushaji husimama mita 18.44 kutoka kwa mpigaji, na mpira wa kilomita 153 kwa saa humfikia kwa takriban sekunde 0.4. Ndani ya muda huo asome mzunguko wa mpira, aamue, azungushe nyonga na kufikisha gongo (la mti, si lile la kunywa) mahali penyewe. Misuli minene haimwoneshi mpira. McGwire alipiga homurani 49 mwaka 1987, msimu wake kamili wa kwanza, na kwa maelezo yake alikuwa hajagusa dawa bado.

Nusu ya pili inamwangusha. Kadirio la wanafizikia ni kwamba mpira ukipigwa sawasawa, kasi yake ya kutoka ni mara 1.2 ya kasi ya gongo, ujumlishe mara 0.2 ya kasi ya mpira unaoingia. Gongo la kilomita 112 kwa saa likikutana na mpira unaofika kwa 138, unapata 162. Sasa mwongezee mtu huyo misuli kwa asilimia 10: kasi ya gongo hupanda kwa asilimia 5 hivi, ikafika 118, na mpira ukatoka kwa 169. Hapo umepata mita 6 hivi za ziada.

Mita 6 zinaonekana haba. Lakini homurani ni pigo la kuvuka uzio, ama umevuka ama hujavuka, na mapigo mengi ya mpigaji mzuri hudakwa hatua chache tu kabla ya uzio. Fizikia hiyohiyo inakadiria kuwa ongezeko la asilimia 4 kwenye kasi ya mpira linaweza kuzidisha homurani kwa asilimia 50 hadi 100. Mpigaji asiyegusa mpira hafaidiki, maana mapigo yake hayakuwa yakikaribia uzio tangu mwanzo. Kwa hiyo dawa humnufaisha zaidi mwenye kipaji.

Na huko “kupona” nako ni faida ya uwanjani. Msimu una mechi 162 karibu kila siku. Anayerudi gym kesho yake akiwa na nguvu atamshinda anayekokota mgongo ifikapo Agosti. Gharama ya steroidi ni korodani kusinyaa, kolesteroli nzuri kushuka, moyo kutanuka, na kano kuelemewa na misuli iliyokua haraka kuliko zenyewe.

Zipo pia amfetamini, zilizoanza kupimwa na kuadhibiwa katika ligi kuu mwaka 2006. Hizo humweka mtu macho na makini, kwa hiyo kusema dawa haigusi jicho kabisa ni kutia chumvi.

Ukitaka kujua ni ngapi kati ya zile 70 zilitokana na dawa, hesabu haitoki. Mwaka huohuo wa 1998 ligi iliongeza timu mbili, na warushaji ambao wangebaki ligi za chini wakapanda kuja kumrushia.