Mkuu, weka huo msumeno chini kwanza

Umesema miberoshi yako michanga imedumaa chini ya miti mikubwa, joto la siku hizi litaikuza haraka mlimani, na kuna mtu kakushauri ufyeke yote ya juu kwa mkupuo ili mwanga uingie. Nani huyo? Maana hata mimi niliambiwa hivyohivyo.

Miti hiyo haijadumaa, inasubiri. Mberoshi wa milima ya Ulaya, Abies alba, unaweza kukaa kivulini miongo kadhaa ukiwa mfupi kuliko wewe, kisha ukipata nafasi unapanda vizuri tu. Shida ni namna ya kuupa hiyo nafasi. Majani yake ya sindano yameota kwenye mwanga hafifu. Yakipigwa na jua kali ghafla yanaungua, yanakuwa kahawia na kupukutika. Mizizi nayo ni midogo, imezoea udongo wenye unyevu.

Mimi nilifyeka mteremko mzima unaotazama jua. Mwanzoni palipendeza ajabu, hadi nikapiga picha! Masika machipukizi yalipochomoza tu, jalidi ya usiku ikayachoma, kwa sababu matawi ya juu yaliyokuwa yakizuia joto la ardhi lisitoroke hayapo tena. Kiangazi kikaja kikavu, vilele vikaanza kufa. Nyasi zikajaa. Kulungu wakamalizia kilichobaki, na hao wanaupenda mberoshi kuliko miti mingi. Ile mikubwa michache niliyoiacha kwa ajili ya mbegu ilikuwa imezoea kukingwa na wenzake, upepo ukaing'oa. Ila kuni sikukosa, hilo nimshukuru Mungu.

Na aliyenishauri alikuwa mnunuzi wa magogo. Haya, chekeni. Mtu analipwa kwa wingi wa magogo, halafu mimi ndiye namuuliza nikate kiasi gani! Siku ya kupakia alikuwa ananiita ndugu. Miti ilipoanza kukauka, simu yangu hapokei mpaka leo.

Kuhusu joto, hiyo ni kweli nusu. Karibu na mwisho wa juu wa msitu, ambako baridi ndiyo inayobana, joto huongeza ukuaji. Ukishuka chini kinachobana ni maji: hewa ikikauka mti unafunga matundu ya majani usipoteze maji, na pete ya mwaka huo ndani ya shina inakuwa nyembamba, yaani mti umekua kidogo. Sasa wewe unataka kuuondolea kivuli hukohuko kwenye ukame?

Fungua mwanga kidogo kidogo. Toa mti mmoja mmoja, au kikundi kidogo, uache miaka ipite. Tazama chipukizi la kileleni: likiwa refu kuliko matawi ya pembeni, mti una nguvu, ongeza mwanga tena. Likiwa fupi na kilele kimebapa, usiguse kitu. Usitarajie shina linenepe mara moja, mti huanza kujenga majani na mizizi. Na hiyo miti ya majani mapana uliyoiita magugu, iache hapo hapo. Kidogo kidogo, mkuu, hata kama lori limeshafika getini.

Uliuliza na mbolea, sijui na mbegu, hayo wengine watakujibu. Mimi nijibu mawili tu: mteremko wako unatazama wapi, na huyo mshauri wako ananunua magogo?