Usimwache Fereti Amng'ate Mtoto wa Mbwa "ili Ajifunze"

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa kijana wa Kilifi anayeishi Norfolk, huku Uingereza, ambaye hatujaonana bado ila tumekuwa tukisalimiana kwa simu tangu msimu uliopita. Aliandika hivi: "Shikamoo kaka. Nimepata mtoto wa mbwa, jike, chotara wa whippet, wale mbwa wembamba wa mbio, ana wiki tisa. Fereti wangu wawili wapo bandani. Mzee mmoja wa huku ameniambia nimshike fereti nimsogeze mpaka amng'ate mbwa puani mara moja tu, na kwamba baada ya hapo hawatasumbuana maisha. Ni kweli?"

Nilianza kumjibu kwa mistari miwili, kisha nikaifuta. Ushauri huohuo, karibu neno kwa neno, niliwahi kupewa mimi, nikaufuata kwa moyo mweupe, na matokeo yake niliyafukia kwa sepetu kando ya mtaro wa shamba la watu. Kwa hiyo namjibu hapa kwa kirefu, ili na wengine wenye nia kama yetu wasome.

Kwa ndugu wanaosoma wakiwa Tanga au Nakuru, fereti ni mnyama mdogo wa kufugwa, wa ukoo mmoja na kicheche na nyegere, mwembamba kiasi kwamba popote kinapopita kichwa chake na mwili utapita. Watu wa Ulaya wamekuwa naye kwa zaidi ya miaka 2,000, na kazi yake kubwa ni kuingia katika mashimo ya sungura na kuwatoa nje, ambako wanakuta nyavu ndogo zimetegwa kwenye kila mlango. Hapa Uingereza sungura wa porini huharibu ngano na mboga, na tangu sheria ya wanyama waharibifu ya 1954 wenye mashamba wana wajibu wa kuwadhibiti, ndiyo maana watu kama sisi tunakaribishwa. Msimu wetu huanza Oktoba, majani yanapolala na mashimo kuonekana, na kuishia mnamo Februari au Machi, kabla sungura hawajajaa watoto ardhini.

Mbwa naye ana kazi mbili. Kwanza hunusa na kukuonyesha ni shimo lipi lina sungura, ili usipoteze asubuhi nzima kutega nyavu juu ya mashimo matupu. Pili humkamata sungura aliyeponyoka kwenye wavu. Sasa tafakari ni jambo gani tunamtaka mbwa huyu alifanye: amfukuze kwa nguvu zake zote mnyama mdogo mwenye manyoya anayechomoka ardhini, na sekunde tano baadaye asimguse mnyama mwingine mdogo mwenye manyoya, anayechomoka katika shimo lilelile, tena akiwa ananuka harufu ya yule wa kwanza. Ugumu wote wa kazi hii umo humo, wala hautatuliwi kwa mbwa kung'atwa pua.

Nilifika Lincolnshire, jimbo la mashamba huku Uingereza, kama vibarua wengi, kukata kabichi, na nikajifunza fereti kwa mzee jirani aliyekuwa amewafuga tangu utoto. Ninamheshimu mpaka leo; alinifundisha kukunja nyavu, kusoma upepo, na kumshika fereti chini ya mabega bila kumbana. Nilikuwa na fereti wawili majike: mmoja mweupe, mtulivu, ambaye nilimwita Bi Mkubwa kwa namna alivyotutazama sote, na mwingine wa rangi ya kahawia aliyeitwa Karafuu, mwenye haraka na asiyejua woga. Mbwa wangu wa kwanza, Mshale, aliingia nyumbani akiwa na wiki kumi.

Mzee aliniambia nimpe somo mapema. Jumapili moja nilimweka Mshale kati ya magoti yangu, mzee akamsogeza Karafuu, na Karafuu hakuhitaji kuombwa mara mbili. Mtoto wa mbwa alilia, akajikojolea, akakimbilia chini ya gari, na sisi watu wazima wawili tulicheka. Ninaandika hilo kwa aibu, lakini ninaliandika. Kuanzia siku ile Mshale akawa anazunguka mbali na banda la fereti huku mkia umebanwa, na mimi nikawa nikijisifu kwa kila aliyenitembelea kwamba mbwa wangu ana adabu. Niliiona hofu nikaiita adabu, na kosa hilo si dogo.

Msimu wake wa kwanza ulipita salama kwa sababu, kama ninavyoelewa sasa, alikuwa akikaa mbali. Msimu wa pili alikuwa amekomaa, amekwisha kukamata sungura wa kutosha, na damu ilikuwa inamchemka. Asubuhi moja ya Februari tulikuwa kwenye ukingo wa mtaro wa maji, mahali ambapo mashimo yamebanana na hakuna nafasi ya mbwa kurudi nyuma. Sungura wawili walitoka mmoja baada ya mwingine, nikawa nimeinama nawatoa wavuni, na Karafuu akachungulia katika tundu ambalo sikuliona, hatua mbili kutoka alipo Mshale, rangi yake ya kahawia kama ya sungura yule yule na manyoya ya sungura yakiwa yamenasa kwenye kucha. Mshale hakubweka. Nilisikia sauti fupi tu, na nilipogeuka ilikuwa imekwisha.

Karafuu alikuwa na uzito wa gramu 700 hivi. Mwenye shamba hakusema neno, alinipa sepetu tu.

Nilimlaumu mbwa kwa miezi. Baadaye nilimpeleka kwa familia moja ya mjini isiyofuga mnyama mwingine, ambako analala kwenye kochi na watoto wanampenda. Hunitumia picha zake kila sikukuu. Ninawashukuru, na huwa sizitazami kwa muda mrefu.

Nilipotulia ndipo nilipoelewa kwamba Mshale alifanya kile nilichomfundisha. Maumivu yale ya utotoni hayakumwambia kwamba fereti ni mwenzake wa kazi; yalimwambia kwamba fereti ni kitu kinachoumiza, ambacho ni heri kukiepuka, na kisipoepukika ni heri kukiwahi. Siku ambayo hakuweza kukiepuka, alikiwahi. Kuna mbwa wengine, nimewaona, ambao waling'atwa wakiwa wadogo na hawakufanya ubaya wowote, na hao ndio wanaotajwa vijiweni. Akina Karafuu hawatajwi, kwa sababu nani anapenda kusimulia?

Nilikaa mwaka mzima bila mbwa, kisha nikamchukua Kashata, chotara wa whippet na mbwa wa aina ya Bedlington, akiwa na wiki nane. Kwake nilianza na daktari wa mifugo kabla ya jambo lolote, na hapa, mdogo wangu wa Norfolk, naomba usinichoke: mbwa wako ana wiki tisa, bado hajakamilisha chanjo, kwa hiyo asikaribiane kabisa na fereti. Ugonjwa wa distempa, ambao kwa mbwa ni hatari, kwa fereti ni karibu kifo cha hakika. Husambaa kwa hewa na kwa mate, na mtoto wa mbwa anaweza kuubeba kabla hajaonyesha dalili. Muulize daktari ni lini hasa baada ya sindano ya mwisho inafaa kuwakutanisha, na muulize vilevile kuhusu kuwachanja fereti wenyewe. Mimi nilingoja mpaka Kashata alipofikisha wiki 13, na siku hizo zilikuwa ndefu, kwa sababu mtu akipata mtoto wa mbwa hutamani aone kila kitu leo.

Katika kungoja huko nilifanya jambo moja tu. Nilichukua kitambaa walicholalia fereti nikakiweka karibu na tandiko la Kashata, wala sikufanya kinyume chake, kwa sababu ya maradhi niliyoyataja. Fereti ana harufu kali, na mama yangu angesema harufu hiyo inatosha kumfukuza mgeni. Kashata alikinusa siku ya kwanza kwa dakika nyingi, siku ya tatu akakitazama tu, na baada ya wiki mbili alikuwa akikilalia bila habari. Hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta, na ndicho nilichoendelea kukitafuta kwa miezi yote iliyofuata: mbwa amwone fereti akose hamu naye. Sitaki ampende, wala sitaki amwogope. Nataka amchoke.

Walipokutana, walikutana kupitia wavu wa kizimba, Kashata akiwa kwenye kamba na tumbo limeshiba. Kila alipogeuza uso kunitazama mimi badala ya kizimba, alipata kipande cha nyama. Dakika tano, tunaondoka. Kesho dakika tano, tunaondoka. Sitawasimulia wiki hizo kwa sababu hazina la kusimulia, na ukiona vipindi vyako vina visa vya kusimulia, ujue umekwenda haraka.

Baada ya hapo nilimpakata Bi Mkubwa, mikono yangu ikiwa imeoshwa isinuke sungura, na mtu mwingine akamshika Kashata kwa kamba, amelala chini. Chagua fereti wako mzee na mpole kwa kazi hii, asiye na mazoea ya kung'ata, na awe ameshiba na yeye; huyo wako anayerukaruka muache bandani. Fereti akifurahi huruka upande upande huku akitoa sauti kama ya kucheka, na mtoto wa mbwa huona ameitwa mchezoni, akanyoosha mguu, na mguu huo, bila nia mbaya yoyote, unaweza kumvunja mnyama wa gramu 700. Kwa hiyo usiwaache peke yao. Sizungumzii wiki ya kwanza tu. Mimi mpaka leo siwaachi peke yao hata kwa muda wa kuchukua simu ndani.

Hatua iliyonifurahisha zaidi ni ya mabomba. Nilinunua vipande vitatu vya bomba la plastiki la maji taka, nikavifukia nusu bustanini vikiwa vimeunganishwa, nikamfundisha Kashata kusimama kando huku Bi Mkubwa akiingia upande mmoja na kutokea mwingine. Tatizo la Mshale lilikuwa hili hasa: alimjua fereti wa kizimbani, hakumjua fereti anayechomoka ardhini ghafla. Tulirudia zoezi hilo majira yote ya kiangazi, asubuhi mapema kabla ya jua kali kwa sababu fereti hawavumilii joto, na jirani zangu waliamini kwamba nimerukwa na akili. Nami, nikiri, nilikuwa nafurahi kutazamwa.

Hapa mama yangu wa Pangani huingia katika hadithi. Kila nikimpigia simu na kumweleza habari za mbwa huyu, hunisikiliza mpaka mwisho, kisha huuliza kama mikono nimeosha, mara saba, na moja kwa udongo. Nilipomkumbusha kwamba windo la mbwa aliyefundishwa limeruhusiwa alijibu kwamba neno lenye uzito hapo ni "aliyefundishwa", na kwamba yule wangu wa kwanza hakufundishwa, alitishwa. Hajawahi kumwona fereti maishani mwake, na alilisema jambo lililonichukua miaka mitatu kulielewa.

Kashata sikumpeleka msituni msimu wake wa kwanza. Marafiki walinicheka, na wapo wanaoona mbwa wa mwaka mmoja asiyefanya kazi ni hasara ya chakula. Waache waone hivyo. Ninyi mnaotaka mbwa wa kazi kwa miaka kumi, mbona mnashindwa kumpa mwaka mmoja? Tunataka mbwa wa kuonyesha watu, tunataka picha ya sungura 20 kwenye uzio, halafu tunapunguza yale yasiyoonekana kwenye picha, na anayelipa ni mnyama aliyeingia shimoni akituamini. Samahani, nimeanza kuhubiri, lakini jambo hili huniuma.

Sasa Januari hii tulirudi kwenye ukingo uleule wa mtaro. Mwenye shamba alikuja, akasimama mbali kidogo mikono mfukoni, na nina hakika alikumbuka. Kashata alinusa mashimo manne akayapita, la tano akasimama, mguu mmoja juu, masikio mbele. Nilitega nyavu 11, nikamvisha Bi Mkubwa kola ya redio inayonionyesha alipo chini ya ardhi, nikamtia. Sungura watatu walitoka. Mmoja aliponyoka na Kashata akamkamata kabla hajafika kwenye ngano, akaniletea mkononi. Alikuwa bado anahema, damu imemchemka kama ilivyomchemka mwenzake, pale Bi Mkubwa alipotokeza katika tundu ambalo tena sikuliona, mweupe, amejaa matope na manyoya ya sungura mdomoni, karibu kabisa na miguu yake ya mbele.

Kashata aliinamisha kichwa, akamnusa mgongoni, akageuza uso kutazama mashimo mengine. Nilimwokota Bi Mkubwa na nilishindwa kukifunga kisanduku chake kwa jinsi vidole vilivyokuwa vikitetemeka, na mwenye shamba akaja akanifungia.

Basi, mdogo wangu, msimu unakaribia kwisha na hakuna haraka yoyote. Mpeleke huyo mtoto akamalizie sindano, na leo usiku chukua kitambaa cha fereti ukiweke karibu na tandiko lake. Daktari akikupa ruhusa njoo Jumamosi yoyote na mbwa wako na kamba ndefu. Fereti wako wabaki Norfolk, tutamtumia Bi Mkubwa, na mabomba bado yamo bustanini.