Maswali na Majibu: Linux ya Kuperuzi kwa Usalama

Nimehamia Linux kukwepa virusi. Sasa nijiachie?

Bado. Kivinjari kwa kawaida huendeshwa kwa jina lako, kwa hiyo anayekipenya anaweza kusoma unachosoma wewe: picha, hati, hata funguo za SSH (za kuingilia kompyuta nyingine kwa mbali). Mimi nina akaunti ya pili ya mtumiaji, haina sudo (amri ya kupata mamlaka ya msimamizi), kazi yake kuperuzi tu. Ukiifungua, ipe folda ya akaunti yako kuu ruhusa ya 700 (yaani wewe tu uweze kuingia humo), maana baadhi ya mifumo huiacha isomeke na watumiaji wengine. Mwizi akiingia kwa kivinjari, anakuta chumba kitupu.

Kwa nini mnang'ang'ania Wayland?

Wayland na X11 ni njia mbili za Linux kuonyesha madirisha kwenye skrini; X11 ndiyo ya zamani. Jaribu hili kwenye mfumo unaotumia X11. Fungua terminali, andika `xinput test-xi2 --root`, kisha hamia kwenye kivinjari uandike nywila yoyote ya uongo. Rudi kwenye terminali. Kila kitufe ulichobonyeza kimo, kwa namba yake, na hakuna aliyekuomba ruhusa. Programu yoyote uliyoifungua humo ina uwezo huohuo. Wayland hupeleka vitufe kwa dirisha unaloandikia tu. Kwa hiyo ile akaunti ya pili iingie kwa kikao chake cha Wayland, usiichomeke ndani ya skrini ya ile kuu.

Laptopu yangu ina RAM ya GB 4. Qubes OS itakubali?

Usijitese. Qubes ni mfumo endeshi unaotenga kila shughuli kwenye mashine pepe yake (kompyuta ndani ya kompyuta) juu ya Xen, programu inayoziendesha mashine hizo, na waundaji wenyewe wanapendekeza GB 16. Weka Debian (mojawapo ya aina za Linux), chagua kusimba diski wakati wa kusakinisha, na uwashe masasisho ya usalama yajiendeshe yenyewe. Hilo la mwisho ndilo wengi hulisahau, halafu wanatafuta mchawi.

Na Tails je?

Ni mfumo endeshi wa faragha: huwaka kutoka kwenye flashi ya GB 8, hupitisha mawasiliano kwenye Tor (mtandao unaoficha unakotokea), na ukizima husahau yote, isipokuwa ulichoamua kukihifadhi. Kwa faragha, safi. Kwa akaunti ya benki, sioni faida: ukishaingia kwa jina lako umejitambulisha, na huenda benki ikashtuka.

Nimewasha ufw. Inatosha?

Hiyo ni ngome (firewall) ya Linux: inazuia wanaobisha hodi kutoka nje. Ukurasa mbaya umeufungua wewe mwenyewe, kwa hiyo utapita.

Viendelezi vingapi kwenye Firefox?

Kimoja: uBlock Origin, kizuia matangazo.