Uzamili wa mwingiliano wa binadamu na kompyuta: shahada yako inatosha

Wa alaykum salaam, dada yangu wa Wete. Umeuliza kama shahada ya kompyuta ya SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar) inatosha kuombea uzamili huu bila ya kusomea usanifu (design). Inatosha. Fani hii, inayochunguza watu wanavyotumia kompyuta na simu ili ziwe rahisi kutumia, hupokea watu wa kompyuta, saikolojia, hata sosholojia.

Kinachokupa uzito ni kazi uliyofanya na watu. Nenda bandari ya Mkoani, tazama abiria wanavyokata tiketi ya boti kwa simu: bibi anakwama wapi, nani anampa kijana simu amalizie? Andika. Chora skrini mpya kwenye karatasi, wape watu watano waijaribu mbele yako, rekebisha, wape tena. Weka yote kwenye mkusanyo wa kazi zako, pamoja na michoro iliyoshindwa. Wanaochagua wanataka kuona unavyofikiri, na picha nzuri peke yake haziwaonyeshi hilo. (Ukitaka kuwapiga picha, waombe ruhusa kwanza.)

Ada za Marekani ni kubwa mno. Mimi ningeanza na University College London kwa ufadhili wa Chevening, unaotolewa na serikali ya Uingereza: unataka uzoefu wa kazi wa miaka 2, na ukimaliza unarudi nyumbani angalau miaka 2. Barua za walimu za kukupendekeza waombe mapema.