Maelezo ya zana kwa wakala wa akili unde

Umeuliza kwa nini wakala wako, yaani programu inayoiachia modeli ya lugha ichague zana za kutumia, huikimbilia zana ya kutafuta udhaifu wa tovuti mahali ambapo ulitarajia aanze na Nmap, zana inayoorodhesha poti (milango ya mtandao) zilizo wazi kwenye kompyuta. Ningeanza kwa kuyasoma maelezo ya zana hizo, kwa sababu modeli haioni msimbo ulio nyuma ya zana. Huona jina, maelezo na vigezo tu, na humo ndimo inamochagulia.

Sentensi kama "hukagua seva" haimsaidii wakala, kwani zana zote mbili hukagua seva. Andika: "Huorodhesha poti za TCP zilizo wazi kwenye anwani moja ya IP, itumike kwanza, haitafuti udhaifu." Kipande hicho cha mwisho, yaani kile ambacho zana haifanyi, ndicho wengi wetu tunachosahau. Taja pia kwamba Nmap isipoelekezwa vingine hukagua poti 1,000 zinazotumika zaidi, si zote 65,535, la sivyo wakala ataripoti kwa ujasiri kwamba huduma iliyofichwa kwenye poti isiyo ya kawaida haipo. Matokeo nayo yanahitaji maelezo: poti iliyokaa kimya si lazima iwe imefungwa, kwa kuwa huenda ukuta wa moto (kichujio cha mtandao) umezizuia pakiti, yaani vipande vya data vilivyotumwa.

Orodha ya anwani ulizoruhusiwa kuzijaribu, hata hivyo, usiiachie maelezo peke yake. Iweke ndani ya msimbo wa zana, maana modeli inaweza kuipuuza sentensi, ilhali ombi lililokataliwa na programu haliendi popote.