Maumivu sugu ya shingo: mashine peke yake hazitoshi

Vyumba vingi vya fiziotherapia vina utaratibu uleule kwa anayeingia na shingo inayouma. Unalala kifudifudi, taa ya infraredi inawashwa dakika 15, ultrasaundi inazungushwa juu ya jeli, unachuliwa, unatoka umelegea vizuri. Keshokutwa shingo imekaza tena na umerudi kwenye benchi la kusubiri. Hakuna aliyekudanganya, maana joto na kuchua vinatuliza kweli. Ila maumivu yaliyozidi miezi 3, ambayo ndiyo tunayaita sugu, mara nyingi yamekaa kwenye shingo ambayo misuli yake imepungua nguvu na ustahimilivu, na misuli haipati nguvu kwa kumulikwa taa.

Kabla ya zoezi lolote, hakikisha huna dalili za hatari. Vidole vinashindwa kufunga vifungo vya shati, miguu inayumba ukitembea, mkojo au choo hakizuiliki: huo ni uti wa mgongo unaobanwa, na safari ni ya hospitali siku hiyohiyo. Homa za jioni, jasho la usiku, kukonda, maumivu yasiyopoa hata ukilala: TB hushika pingili za mgongo pia, hata kwa mtu asiyekohoa. Aliyewahi kuugua saratani au aliyeanguka juzi apimwe kwanza. Na maumivu makali mapya ya shingo yanayokuja pamoja na kuona vitu viwiliviwili, ulimi mzito au uso kulegea upande mmoja yanaweza kuwa ya mshipa wa damu uliochanika. Hapo shingo isiguswe na mtu, ni dharura.

Kuhusu eksrei, usitishwe na maneno “pingili zimesagika”. Watu wengi wa miaka 50 wasio na maumivu yoyote wana picha kama hiyo. Tunatibu shingo inavyofanya kazi, picha inafuata nyuma.

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 5 hivi, na kimekaa juu ya pingili 7. Mbele ya pingili hizo, nyuma kabisa ya koo, kuna misuli myembamba inayozishikilia moja juu ya nyingine. Maumivu yakikaa, misuli hiyo inazembea, na ile mirefu inayochomoza pembeni mwa shingo inabeba kazi isiyo yake. Ndiyo maana unaihisi imekaza kila jioni: imechoka. Kuinyoosha tu kunaipa nafuu ya saa chache.

Zoezi la kuamsha misuli ya ndani lilienezwa na Gwendolen Jull na wenzake wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia. Lala chali, magoti yamekunjwa. Weka kanga iliyokunjwa chini ya kisogo, siyo chini ya shingo, mpaka paji la uso na kidevu viwe usawa mmoja. Ncha ya ulimi iguse juu ya kinywa, midomo imefungwa, meno hayagusani. Sasa itikia “ndiyo” polepole sana, kisogo kikiteleza juu ya kanga bila kuinuka. Weka vidole viwili pembeni mwa shingo. Misuli mirefu ikisimama kama kamba, umezidisha. Rudi nyuma kidogo. Shikilia sekunde 10 huku ukipumua, achia, rudia mara 10, asubuhi na jioni. Kliniki yenye vifaa itakuwekea chini ya shingo mfuko mdogo wa hewa wenye saa kama ya mashine ya presha. Unaanza kwenye 20, kisha unapanda 22, 24, hadi 30, na kila hatua uishikilie bila mshale kutetemeka. Wengi wenye shingo sugu wanakwama kwenye 22 au 24, na hiyo si aibu, ndiyo namba ya kuanzia.

Makosa hapa ni mawili. La kwanza ni kusukuma kidevu nyuma kwa nguvu kama askari kwenye gwaride; hapo unakandamiza viungo vya juu na unaondoka na kichwa kinauma. La pili ni kubana pumzi. Ukijikuta umekunja uso, kazi inafanywa na misuli mingine.

Baada ya wiki 2 au 3, ukiweza mara 10 zote bila kamba zile kusimama, ongeza mzigo. Hapa ndipo matibabu mengi yanapokatika: mgonjwa anapewa mazoezi mepesi yaleyale kwa miezi 4. Kata tyubu ya baiskeli kama mita 2, ipitishe kwenye nondo za dirisha kwa urefu wa kitovu, shika ncha mbili, vuta viwiko vipite mbavu. Makombe ya mabega yasogeleane na yashuke. Yakipanda masikioni, tyubu ni nzito mno au umesimama mbali. Fanya mara 12, pumzika dakika moja, jumla mizunguko 3. Zoezi la pili ni kuinua mikono pembeni ukiwa na chupa za maji za nusu lita, mikono ikiwa mbele kidogo ya mwili, mpaka usawa wa bega na si zaidi. Ukifika mara 15 kwa mizunguko 3 bila kutetereka, nenda chupa ya lita 1, kisha lita 1.5. Siku 3 kwa wiki, kwa wiki 10 hadi 12.

Mzigo huo si lazima uwe mkubwa. Utafiti wa Denmark uliochapishwa 2011 uliwachukua wafanyakazi wa ofisini 198. Dakika 2 tu kwa siku za kuinua mikono pembeni kwa kuvuta mpira unaonyumbuka kama ile tyubu, siku 5 kwa wiki kwa wiki 10, zilipunguza maumivu ya shingo na mabega, na waliofanya dakika 12 hawakuwaacha mbali wale wa dakika 2. Finland nako, kwa wanawake 180 wa ofisini, matokeo yaliyotolewa 2003 baada ya mwaka mzima yalionyesha walioimarisha misuli ya shingo wamepona vizuri kuliko waliohimizwa mazoezi ya kuongeza mapigo ya moyo na kunyoosha tu. Kwa hiyo anayesema hana nafasi, tunamuuliza kuhusu dakika 2.

Maumivu wakati wa zoezi yanaruhusiwa mpaka 3 au 4 kwa kipimo cha 0 hadi 10, mradi yapoe ndani ya saa 24. Yakivuka hapo, punguza chupa, usiache zoezi.

Tiba ya mikono ina nafasi yake. Mtaalamu anayesukuma pingili moja moja kwa dole gumba, nusu dakika hadi dakika kwa kila mkupuo, anaweza kukurudishia kugeuka uliokuwa umepotea, na mazoezi ya siku hiyo yakawa mepesi. Apime kabla na baada. Ziara 3 au 4 bila tofauti yoyote, abadilishe mbinu. Lakini yule kinyozi anayemaliza kukunyoa, akashika kidevu na kisogo na kukizungusha ghafla mpaka shingo ialike, mkatalie. Mlio ule ni wa gesi ndani ya kiungo, hakuna mfupa uliorudi mahali pake, na mzunguko wa ghafla unaweza, japo kwa nadra, kuchana mshipa wa damu na kuleta kiharusi.

Mashine ya umeme ya kutuliza maumivu itumie dakika 20 hadi 30 kabla ya mazoezi ukiona inasaidia. Pedi zake zikae nyuma ya shingo au juu ya mabega, kamwe mbele ya koo, na mwenye kifaa cha kuendesha moyo asiitumie bila daktari wake. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo inafanya karibu kazi ileile kwa bei ya chupa. Kola ya shingo haina kazi kwenye maumivu sugu; ukiivaa wiki kadhaa inaongeza udhaifu uleule tunaoupigania.

Anayesikia kizunguzungu au aliyewahi kurushwa shingo kwenye ajali ya gari ana zoezi lake. Bandika taa ndogo ya leza kwenye kofia, kaa sentimita 90 kutoka ukutani, elekeza nukta kwenye alama. Fumba macho, geuza kichwa, rudi ulipodhani ndipo, fumbua. Ukiikosa kwa zaidi ya sentimita 7, hisia ya shingo ya kujua kichwa kimeelekea wapi imepungua. Rudia hapo hapo, mara 6 kila upande, kila siku. Leza isielekezwe kwenye macho ya mtu, watoto hasa.

Maumivu yakishuka mkononi pamoja na ganzi ya vidole, ni mshipa wa fahamu uliokasirika. Ukiweka kiganja juu ya kichwa na mkono ukatulia, dalili hiyo inaelekea huko. Usivute wala kunyoosha mkono huo kwa nguvu. Tumia mkao huo wa nafuu, anza na zoezi la “ndiyo”, na ganzi ikizidi au mkono ukidhoofika rudi kwa daktari. Huyo pia asibebe ndoo kichwani. Kwa wengine wanaoteka maji, ndoo ya lita 20 ni kilo 20: rudi na lita 5 juu ya ngata kwa wiki mbili, kisha 10, na kwanza uwe umeweza kuvuta tyubu bila maumivu ya siku ya pili.

Fundi cherehani na mwalimu anayesahihisha madaftari hawahitaji kukaa wima kama mlingoti. Wasimame kila nusu saa, wazungushe mabega mara 10. Na maumivu yakirudi ghafla baada ya miezi ya nafuu, jambo la kawaida kabisa, shika nusu ya uzito uliokuwa nao kwa siku 3, kisha panda tena hatua kwa hatua.