Begi la mgeni halikaguliwi kwa mdomo

Wadogo zangu mnaoanza kusindikiza wageni Mlima Kilimanjaro, nimewaona pale geti la Machame. Mvua imeshaanza, wagumu, yaani wapagazi wetu, wako foleni kwenye mzani wa mizigo, na msaidizi mmoja, kijana mwenye bidii kweli, anafungua begi la mgeni chini kwenye matope akitafuta koti la mvua. Jana yake hotelini waliulizana. "Una koti la mvua?" "Ninalo." Kumbe ni kijikoti cha kukimbilia asubuhi, kinavuja kama chujio. Haya tumeyasema mpaka tumechoka. Nayasema tena.

1. Kila kitu kitandani. Acha kusoma orodha huku mgeni anaitikia. Amwage begi lote, wewe ushike kimoja kimoja. Mgeni hakudanganyi, kwake glavu ni glavu, hajawahi kusimama Stella Point, kule juu ukingoni mwa kreta, alfajiri upepo ukivuma. Wewe ndiye unayejua zile nyembamba mwisho wake kambi ya Shira, bado chini. Mjini utakodi nyingine. Kambi ya Barafu, ya mwisho kabla ya kilele, utamkodishia wapi?

2. Buti. Hapa mnivumilie.

Nilimpokea mgeni mmoja, mzee mtaratibu, ana buti za ngozi zinang'aa. Nikazishika, nikazigeuza, nikamsifia. Akafurahi, akanieleza kwamba alizinunua zamani kwa ajili ya safari iliyoahirishwa, akazitunza kabatini. Maneno hayo yalitosha kunishtua. Mimi nikaweka tiki.

Kabla hatujafika kwenye mwamba wa Lava Tower nikasikia nyuma yangu pa, pa, pa. Soli ya kulia imeachia kisiginoni, inapiga makofi kila hatua. Soli nyingi za buti za mlima zina tabaka la povu la poliuretheni ndani, na povu hilo huliwa na unyevu wa hewa taratibu hata kama buti halijakanyaga ardhi. Nilipolibonyeza kwa kidole gumba likameguka, vumbi likabaki chini ya ukucha. Tukaifunga kwa kamba ya hema na utepe wa gundi. Kesho yake kwenye ukuta wa Barranco, pale unapopanda kwa mikono na miguu, ya kushoto nayo ikaaga.

Kiongozi mkuu hakunifokea. Aliniuliza tu, "Ulizikunja?" Nikatazama chini. Heri angenifokea.

Aliyetuokoa ni mpishi. Mguu wake ulilingana na wa mzee, akavua buti zake za mtumba akampa, na mzee akafika kilele nazo. Mpishi akabaki Barafu, mita 4,673, na kandambili juu ya soksi mbili mbili. Kila nilipoingia hema la jikoni ananyoosha mguu mbele ya jiko ili niuone vizuri, kisha ananikaribisha chai kwa heshima zote. Ile chai haikupita kooni.

Kwa hiyo: kunja buti kwa nguvu, bonyeza lile povu kwa gumba, uliza buti lilinunuliwa lini. Buti safi kupita kiasi litilie shaka.

3. Mzani. Mzigo wa mgumu mwisho kilo 20, na mgeni aelezwe hilo hotelini, si getini. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu 2019, kwa hiyo nguo zikingwe na mvua kwa mifuko mingine isiyopitisha maji.

4. Maji ya usiku wa kilele. Mrija wa mfuko wa maji wa mgongoni huganda kwanza, kwa hiyo kila akinywa apulize maji yarudi ndani. Chupa iwekwe kichwa chini, barafu huanzia juu. Betri za taa zilale naye.

5. Oksimita, kile kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni kwenye damu. Pasha kidole moto kwanza, kidole baridi husoma uongo. Na jamani, acheni kusoma namba kwa sauti kwenye hema la chakula. Mume kasomewa 88, mke 79, basi chakula hakiliwi tena, mtu anajihesabia pumzi mpaka asubuhi. Namba peke yake haitoshi kujua kama kimo kimemdhuru. "Niko poa" nayo haitoshi. Mtembeze kwenye mstari, kisigino kiguse vidole. Akiyumba kama mlevi, anashushwa saa hiyo hiyo. Hakuna kusubiri kupambazuke, hata kama amelipa pesa nyingi, hata kama analia.

6. Kucha za miguu zikatwe kabla ya safari. Kutoka kilele cha Uhuru, mita 5,895, mpaka geti la Mweka unateremka zaidi ya mita 4,000, na vidole vinagonga mbele ya buti njia nzima. Mkasi uko kwenye begi langu la dawa. Ukiazima, rudisha. Wa kwanza sijauona hadi leo, na aliyeuchukua anajijua.